Uzoefu wangu wa kukodi gari na dereva kuizunguka Pemba

Wengi wetu tunaoishi Unguja tunaijua Pemba kwa harusi na maziko: tunashuka Mkoani, tunapanda daladala moja kwa moja hadi kwa jamaa, shughuli ikimalizika tunaiwahi boti ya kurudi. Safari hii nilitaka mama yangu na wanangu wakione kisiwa chenyewe, kwa hiyo tulikodi gari aina ya Noah pamoja na dereva wake kutoka kwa kampuni ndogo ya Chake Chake. Ninaandika kwa ajili ya familia zinazofikiria kufanya hivyo, kwa sababu naamini gharama ile ilistahili, ingawa lipo jambo moja zito ambalo kampuni ile inapaswa kulirekebisha.

Pemba ina urefu usiofika kilomita 70, na mtu akiitazama kwenye ramani hudhani kwamba atamaliza kila kitu kwa siku moja. Ndivyo ofisi ilivyotupangia kwa simu: Pujini, Kidike, Tumbe, Ngezi na mnara wa Kigomasha, vyote baina ya asubuhi na magharibi, na chakula cha mchana hotelini. Dereva aliyetupokea bandarini, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimwamkia mama kwanza, akampakia mizigo, kisha akaisoma ratiba ile akiwa amesimama. "Dada," akaniambia, "kwa ratiba hii bi mkubwa ataona vioo vya gari tu. Tumbe tufike asubuhi kabla mnada haujavunjika, Ngezi tuingie jua likiwa kali, mnarani twende alasiri. Pujini na Kidike tuviwekee siku yake." Tulikubaliana naye palepale, akaipigia simu ofisi, na bei ikapangwa upya kwa siku. Kwa maoni yangu, hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo. Gari unaweza kulipata kwa mtu yeyote. Mtu anayejua kila mahali pafikiwe saa ngapi ni nadra.

Barabara ya kutoka Mkoani hadi Chake Chake hupanda na kushuka vilima bila ya kupumzika, kushoto na kulia mikarafuu, na chini mabonde ya mpunga. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Tulikwenda wakati wa mavuno. Dereva aliegesha gari penye kijiji kimoja, akapiga hodi, akatuombea ruhusa ya kukaa na kina mama waliokuwa wakichambua karafuu barazani. Mama yangu hakuhitaji kufundishwa: alivuta jamvi, akaweka kishada kiganjani, akakisukuma kwa kidole gumba, karafuu zikaangukia upande mmoja na makonyo, yaani vijiti vyake, upande mwingine, huku mazungumzo yakiendelea kana kwamba alikuwa jirani wa siku zote. Wanangu walijaribu, na vidole vyao vilinukia karafuu hadi wakati wa kulala. Kwa yeyote atakayevutiwa kununua, ninatoa tahadhari: karafuu za Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) peke yake, na kuzibeba kwa njia nyingine ni magendo, kwa hiyo usimtie mwenyeji wako matatani kwa kumshawishi akuuzie gunia. Ukitaka kujua makonyo huishia wapi, kipo kiwanda cha Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, ambacho huyakamua mafuta.

Pujini ni magofu ya ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye Wapemba bado wanausimulia ukatili wake. Kilichobaki ni maboma ya udongo, kuta chache na kisima, ambacho hadithi inasema kilitengwa kwa ukuta ili wake wawili wa mtawala wasionane wanapokwenda kuteka maji. Wanangu waliokuwa wameipenda hadithi hiyo garini hawakuona mengi walipofika, na njia ya vumbi huharibika vibaya wakati wa masika. Kwa mtu mwenye muda mfupi, ningemshauri aende kwanza makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, ambayo inaeleza historia hiyo vizuri zaidi.

Kidike, kijiji kinachohifadhi popo, kwa upande mwingine, kilinishangaza. Kipo kando ya barabara ya zamani ya Chake Chake kwenda Wete, na wanakijiji wenyewe ndio wanaokilinda. Popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani, waliwindwa na kuliwa hadi wakakaribia kutoweka, kabla ya wanavijiji kuanza kuwahifadhi katika miaka ya 1990. Tulifika adhuhuri. Mamia yao walining'inia kwenye miti mirefu wakiwa na manyoya mekundu ya dhahabu kifuani, na kwa sababu ya joto walikuwa wakijipepea kwa bawa moja, taratibu, huku bawa la pili likiwa limeukumbatia mwili. Mwanangu mdogo aliwatazama mpaka shingo ikamuuma. Tulimlipa mwongozaji ada ndogo, nasi tuliona ni haki.

Siku ya kaskazini ilianza alfajiri kutoka Wete. Pale Tumbe madau yalikuwa yameshaingia, na dalali alikuwa akipita baina ya mafungu ya changu, nguru na pweza yaliyopangwa chini, akipandisha bei kwa sauti ambayo mgeni huchukua muda kuielewa. Dereva alituonya tusisimame katikati ya wanunuzi wala tusipige picha za watu bila ya kuwauliza. Alinunua pweza, akampelekea kwa bodaboda mama mmoja wa Konde ambaye alikuwa ameshazungumza naye tangu usiku uliopita. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: huku kaskazini mikahawa ni michache na vyungu huwahi kwisha, kwa hiyo chakula kiagizwe mapema. Mchana tulikaa kwenye mkeka nyumbani kwa mama huyo, tukala wali wa nazi, pweza wa mchuzi wa nazi na achari ya embe, tukateremshia kwa juisi ya mabungo. Ukilinganisha na chakula cha hotelini tulichopangiwa awali, bei yake ilikuwa ndogo mno, na pesa ilibaki kijijini.

Kutoka Konde barabara huingia msitu wa Ngezi, na ghafla jua hukatika. Mivule humo ni mirefu mno, na mwongozaji alituonyesha mpapindi, aina ya mnazi wa mwituni ambao asili yake ni Pemba tu. Baada ya msitu tulipita ufukwe wa Vumawimbi, mweupe na karibu mtupu, tukaishia Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1900. Ngazi zake ni nyembamba na zinazunguka, hivyo mama alibaki chini kivulini na dereva akakaa naye. Juu unaona bahari pande tatu, na nyuma yako kijani kitupu.

Sasa kuhusu huduma yenyewe. Dereva hakulikimbiza gari hata mara moja kwenye kona zile, alisimama kwa sala bila ya kuombwa, na hakutupeleka dukani kwa mtu ili apate kamisheni. Ofisi haikuwa makini kama yeye. Bei waliyotutajia mwanzo haikuwa na mafuta, na jambo hilo lilidhihirika tu nilipotaka mapatano yaandikwe. Kubwa zaidi, kiti cha nyuma, walipokaa watoto, kilikuwa na mikanda miwili ambayo haikufunga. Niliwapigia simu siku ileile ya kwanza. Waliomba radhi, lakini hatukubadilishiwa gari hadi tulipoondoka, na mimi nililazimika kukaa nyuma na watoto nikiwashika kila kona. Katika kisiwa chenye vilima kama hiki, hilo si dogo.

Nitamtafuta dereva yuleyule nitakaporudi, safari hiyo tukiwa na siku ya ziada kwa ajili ya kisiwa kidogo cha Misali, ambako huendwa kwa boti. Ofisi nitaitaka inilete gari mbele ya macho yangu kabla ya kutoa arubuni, nifungue milango yote, nivute kila mkanda, na stakabadhi iandikwe kwamba mafuta yamo ndani ya bei.