Vitufe na vijiti vya kabati la gemu: pima ubao kabla ya kulipa

Wasomaji wanaojitengenezea nyumbani kabati la gemu, yaani mashine ya kusimama kama zile za kumbi za michezo, wananiletea lalamiko lile lile: kitufe kinachomoka, na kijiti cha kuongozea (joystick) ni kifupi hadi vidole vinasugua ubao. Wengi wao wamenunua vifaa vizuri kabisa, vikaishia kwenye MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, maana ndiyo fundi wa Keko atakayokupa ukimwambia unataka kabati imara. Muuzaji hakuwauliza ubao wao una unene gani.

Kwa hiyo leo sigusi skrini, spika wala kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Hayo yameshaandikwa vya kutosha. Nazungumzia sentimita mbili kasoro za ubao.

Vitufe viko vya aina mbili. Kuna vya kubana, vyenye masikio mawili ya plastiki ubavuni: unakisukuma kwenye tundu, masikio yanafunguka upande wa chini na kung'ang'ania. Sanwa OBSF-30, kinachosifiwa kila mahali, ni cha namna hii, na kimetengenezwa kwa bamba jembamba la chuma au akriliki. Kwenye ubao wa 18 masikio hayafiki chini. Yanabaki yamejibana katikati ya tundu, na watoto wakishavigonga vya kutosha kwenye Street Fighter II, kitufe kinaanza kupanda chenyewe. Aina ya pili ni vya nati: vina shina lenye tredi kama ya bolti, unakaza kwa chini. Hata hapo angalia urefu wa shina, kwa sababu la baadhi yake ni fupi kuliko ubao wenyewe.

Namba moja kwangu ni IL, yaani Industrias Lorenzo ya Uhispania, na naipendelea waziwazi. Kwa miaka mingi ndiyo iliyotengeneza vifaa vilivyouzwa Marekani kwa jina la Happ, na mashine za kule zilikuwa na mbao nene. Kitufe chao cha shina refu kinapita kwenye 18 na nati inapata pa kushika. Tundu ni la milimita 28 na nusu hivi. Swichi inakaa chini, nje ya shina, ikifa unaichomoa peke yake na kuweka nyingine bila kung'oa kitufe. Kijiti chao nacho ni kirefu: unakifunga chini ya ubao kwa bolti, na juu kinabaki cha kushikika. Ila agiza waya zenye vichwa vya milimita 4.8, kwa sababu zinazokuja na seti nyingi ni za 2.8 na hazitaingia.

Namba mbili ni Sanwa. Kijiti cha JLF ni chepesi mkononi, na anayekipenda namwelewa. Lakini kwenye ubao wa 18 lazima uuchimbe kwa chini upungue, na fundi asiye na ruta, mashine ya kuchimbia mbao, atakuchimbia kwa patasi, pasiwe sawa. Njia safi ni kufunika juu kwa akriliki ya milimita 3 na kutoboa ubao wa chini matundu makubwa zaidi, masikio yapate pa kufungukia. Seimitsu ni ya tatu: kijiti cha LS-32 ni kigumu kidogo, ila adha ya ubao ni ile ile.

Seti za bei rahisi zenye bodi ya Zero Delay, ile inayounganisha vitufe na kompyuta: bodi inafanya kazi. Lakini vitufe vyake vingi ni vya kubana, kwa hiyo kwenye ubao wa 18 shida ni ile ile.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Tangazo linataja rangi kumi na mbili, taa na "inafaa mashine zote", lakini urefu wa shina haumo. Muuzaji mmoja wa Kariakoo nilimuuliza urefu huo, akanijibu, "Hii orijino, dada, usiwe na wasiwasi." Orijino ina milimita ngapi? Na ukiagiza nje, kijiti ni chuma kizito, hivyo nauli inakula pesa nyingi. Kikishafika hakifai, hakuna atakayekulipia kukirudisha. Mwambie akutumie picha ya kitufe kimelazwa kando ya rula, nati ikiwa imefunguliwa. Mwenye mzigo kweli haimchukui hata dakika moja.