Kile kindoano cha shaba cha kufungulia milango, nimekitumia mwaka mzima, uzoefu wangu

Wanaokumbuka Januari 2024 Dar, ule mlipuko wa macho mekundu, sisi nyumbani tulikuwa wanne na wote tuliugua, alianza mdogo wangu, siku ya tatu mimi, na macho yanawasha hujawahi kuona. Toka hapo nikawa naogopa kushika kila kitu. Ndo nikaona mtu anauza mtandaoni kile kindoano cha shaba cha kuning'iniza kwenye funguo, unavutia mlango, unabonyezea batani za lifti, elfu kumi na mbili nikalipa.

Kwanza nikisifie. Kwenye lifti ya ofisini na ATM za batani kinafanya kazi safi kabisa, na milango ya vyoo yenye mkono wa kuvuta chini unaifungua bila kugusa. Kwenye vioo vya kugusa sijakipenda, saa nyingine hakishiki na naogopa kuchana kioo cha watu.

Sasa maisha yetu yenyewe. Mimi natoka Kimara kwenda Kivukoni na mwendokasi, asubuhi nyomi, siti hupati, unashika bomba ambalo limeshashikwa na watu wote waliopanda tangu alfajiri, ukisema ushikilie kwa kindoano dereva akikanyaga breki unaenda nayo. Daladala ndo kabisa, konda anakupa chenji mkononi, noti imelowa jasho, kindoano kitasaidia nini hapo?

Na kuna jambo muuzaji hakusema ukweli, tena lile ndo lililonifanya ninunue. Aliandika shaba inajisafisha yenyewe papo hapo. Ni kweli shaba inaua vijidudu, lakini si papo hapo, inaweza kuchukua hata masaa, na hiki chenyewe ni shaba iliyochanganywa na zinki. Kwa hiyo ukitoka kushika mlango wa choo cha stendi halafu ukakirudisha mfukoni na funguo na simu, umehamisha tu uchafu, na simu hiyo hiyo ndo unaweka shavuni. Mimi miezi kama miwili ya mwanzo nilikuwa nafanya hivyo hivyo bila kujua na inaniuma, maana nilikuwa najiona niko salama hadi kunawa nimepunguza.

Kilichonisaidia zaidi ni vitu viwili vya bei ndogo. Kichupa cha sanitaiza cha mililita 50, angalia kiwe kimeandikwa spiriti asilimia 60 kwenda juu, unapaka ya kutosha unasugua hadi vidoleni na kwenye kucha mpaka ikauke yenyewe, usifute na nguo. Na kipande cha sabuni kwenye kikopo cha plastiki. Hiki cha pili watu wanakidharau ila ndo namba moja, kwa sababu mikono yenye vumbi au mafuta sanitaiza haifanyi kazi vizuri, na kuna virusi wa kuharisha, hata baadhi ya wale wa macho mekundu, ambao spiriti haiwawezi sana, sabuni na maji vinawaondoa.

Desemba nilipanda basi pale Mbezi kwenda Moshi, tukasimama Korogwe kula na kuchimba dawa. Koki ya maji ipo, maji yanatoka vizuri, sabuni hakuna, na watu wanatoka chooni moja kwa moja kwenye chipsi na mishikaki. Nikatoa kipande changu, dada aliyekuwa nyuma yangu akaniomba, na mwingine nyuma yake, nikakata vipande nikagawa. Siku hizi nikisafiri nabeba mche mzima.

Kindoano nakipa nyota mbili kati ya tano, muuzaji alileta haraka sina ugomvi na hilo. Kama unacho tayari usikitupe, tumia kwenye lifti na ATM, kitundike nje ya begi kisikae na simu, na jioni ukifika nyumbani kioshe kwa sabuni pamoja na hizo funguo.