Mwongozo wa WHO wa kukabili msongo: unamfaa kiasi gani anayeuguza?

Anayeuguza mtu aliyevunjika mguu ana kazi ya mikono: atamgeuza, atamlisha, atamfulia, na jioni uchovu utamlaza. Ndugu wa mgonjwa aliye wodi ya kutengwa hana hata hiyo. Yuko kwenye benchi nje ya uzio, simu mkononi, na kichwa ndicho kinachofanya kazi usiku na mchana. Miongoni mwa vitu vya bure ambavyo mtu huyo anaweza kuanza kuvitumia leo hii ni Doing What Matters in Times of Stress, mwongozo wa picha uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Hapa tunautathmini kwa swali moja tu: unamsaidia nini ndugu wa mgonjwa wa Ebola, kifua kikuu, UVIKO-19 au ugonjwa mwingine mzito wa kuambukiza?

Una kurasa zaidi ya 100, ila usitishike. Nyingi ni mchoro na sentensi mbili tatu. Umegawanywa sehemu tano, kila moja na mbinu yake, na unakuja na sauti zilizorekodiwa za mazoezi. Unapakuliwa bure kwenye tovuti ya WHO na umetafsiriwa kwa lugha nyingi (majina ya mbinu tunayotumia hapa ni yetu, usishangae ukiyakuta tofauti). Unakwenda pamoja na kozi ya vikundi iitwayo Self-Help Plus, yenye vikao vitano vya saa mbili mbili kwa watu hadi 30, ambapo sauti iliyorekodiwa ndiyo inayofundisha na wawezeshaji si lazima wawe wataalamu. Kozi hiyo ilijaribiwa kwa wanawake wakimbizi 694 wa Sudan Kusini waliokuwa Uganda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba msongo ulipungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wenzao wa kundi la kulinganisha. Lakini hao walikuwa wakimbizi, si watu wanaosubiri majibu ya maabara ya mtoto wao, na tofauti hiyo inajitokeza kila unapofungua ukurasa.

Sehemu ya kwanza, kujituliza kwa kurudi mahali ulipo, ndiyo bora kuliko zote. Mwongozo unaita hali ya mtu aliyezidiwa dhoruba, na haudai kwamba dhoruba itaondoka. Unakufundisha kushika mti mpaka ipite. Hatua ni tatu. Kwanza, tambua unavyojisikia na unachowaza. Pili, punguza kasi na uurudie mwili: kandamiza nyayo sakafuni, nyoosha mikono, toa pumzi taratibu mpaka iishe kabla ya kuvuta nyingine. Tatu, rudi kwenye kilichokuzunguka: unaona nini, unasikia nini, uko na nani, unafanya nini sasa hivi. Zoezi zima ni dakika mbili hadi tano.

Tazama linavyofanya kazi kwenye kipimajoto. Aliyekaribiana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21, kwa kuwa dalili huweza kutokea kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa. Katika siku hizo hupimwa joto, na ndipo wengi huanza kujipima wenyewe: asubuhi, baada ya chai, baada ya kupanda ngazi, usiku wa manane. Kila kipimo hutuliza kwa robo saa, kisha shaka hurudi na kudai kingine. Kinachosaidia ni kupanga saa mbili za kupima, asubuhi na jioni, na kulifanya zoezi hili kila hamu ya kupima inapokuja nje ya saa hizo. Bila shaka, mwili ukianza kuuma kweli, ukatapika au ukahisi homa, hiyo si saa ya zoezi, ni saa ya kupiga simu kwa wafuatiliaji.

Kasoro ya sehemu hii ni pumzi. Mtu anayeogopa ugonjwa wa mapafu ukimwambia asikilize pumzi yake, ataisikiliza kama daktari: atahesabu, ataona kifua kinabana, na hofu itapanda badala ya kushuka. Kwake acha pumzi kabisa. Anza na nyayo, au sauti za nje, au ubaridi wa kikombe kilichopo mkononi. Mbinu inabaki ile ile. Kosa lingine ni la watumiaji wenyewe: kufanya zoezi siku ya kuzidiwa tu. Hakuna anayejifunza kuogelea siku ya mafuriko. Fanya mara mbili kwa siku ukiwa na utulivu kidogo, kwa mfano unapokunywa kitu cha moto: sikia joto, harufu, ladha, funda moja baada ya jingine.

Sehemu ya pili ni kujinasua. Wazo gumu ni ndoana. Likikunasa unakuwepo nyumbani kwa mwili tu. Hatua tena ni tatu: gundua kwamba umenaswa, lipe wazo jina kimoyomoyo, kisha rudisha macho na masikio kwenye unachokifanya. Kwa ndugu wa wagonjwa wa kuambukiza, ndoana kubwa ni moja: “Mimi ndiye niliyemwambukiza.” Ubishi hausaidii hapa, kwa sababu pengine ni kweli, au hakuna wa kujua. Uzuri wa mbinu ni kwamba haimlazimishi mtu kuamua kama wazo ni kweli au uongo. Anasema tu, “Hapa nina wazo la kujilaumu,” na anarudi kumvisha mtoto viatu. Litarudi baada ya dakika tatu. Atalitaja tena.

Hata hivyo, kuna hofu ambazo hazitaki kunasuliwa, zinataka jibu. Anayemuuguza mwenye kifua kikuu akiona mkojo wa mgonjwa umekuwa wa rangi ya chungwa, hahitaji kutaja wazo jina. Anahitaji kuambiwa kwamba rifampicin, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hubadilisha rangi ya mkojo, jasho na hata machozi, na kwamba rangi hiyo peke yake si dalili ya kuzidiwa. Sentensi hiyo moja inashinda kurasa 20 za michoro. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu zoezi, muulize: kuna jambo gani usilolielewa kuhusu ugonjwa huu? Andika maswali, yapeleke kwa muuguzi, kisha ndiyo mfungue kijitabu.

Hapo ndipo penye upungufu mkubwa kuliko wote. Mwongozo unatuliza, hauleti habari, na familia isiyo na habari haitulizwi kwa muda mrefu na chochote. Ukigawiwa bila mpango wa taarifa, ndugu huupokea kama njia ya kuwanyamazisha, na hatuwalaumu. Mpango wenyewe si mgumu. Familia ichague msemaji mmoja, kituo kichague mtoa taarifa mmoja, na wakubaliane saa moja ya kila siku. Simu iwe na mambo manne: hali yake kwa maneno ya kawaida, amekula na kunywa nini, kimebadilika nini tangu jana, na simu inayofuata ni saa ngapi. Siku isiyo na jipya nayo ipigwe, kwa sababu simu iliyoahidiwa saa kumi isipolia, familia itakuwa imeshaanza kuwazia msiba kabla ya saa kumi na nusu. Msemaji naye aandike anachoambiwa neno kwa neno, maana “hajaamka vizuri leo” ikipita kwa shangazi watatu huwa “haamki tena.”

Sehemu ya tatu inahusu kutenda kwa kufuata kile unachokithamini. Ni nzuri, ila inahitaji mtu wa kuielekeza, maana wengi huchanganya tunu (kile wanachokithamini) na tendo. Mama atasema anachokithamini ni kumshika mwanawe mkono. Hilo ni tendo, na kwa sasa limezuiwa. Tunu iliyo chini yake ni upendo, au kutomwacha peke yake, na tunu haizuiwi na uzio. Ukishafika hapo matendo mengine hujitokeza: kurekodi sauti ya dakika moja iliyotajwa jina lake mwanzoni, ili muuguzi aicheze sikioni hata kama mgonjwa hazungumzi, kusimama dirishani saa ile ile kila siku, kuandika barua, kwa kujua kwamba karatasi iliyoingia huenda isiruhusiwe kutoka. Mwongozo pia unataja njia tatu za kukabili hali ngumu: kuondoka, kubadilisha kinachobadilika na kuyapokea maumivu ya kisichobadilika, au kukata tamaa na kuziacha tunu zako. Kwa ndugu wa mgonjwa ya kwanza karibu haipo, kwa hiyo muda mwingi upewe ya pili.

Ya nne, kujihurumia, tunaipitia haraka kwa sababu nayo inapita haraka. Unaambiwa ujaze kiganja huruma na kukiweka penye maumivu. Wapo watakaocheka, waache wacheke. Angalizo letu ni la usafi: nawa mikono kwanza, na weka kiganja kifuani au tumboni juu ya nguo, si usoni. Mwenye huzuni hujifuta macho bila kujua, na macho ni mlango wa vimelea vingi.

Ya tano, kuyapa mawazo na hisia nafasi, tungeichelewesha. Inamtaka mtu aitazame hisia kwa udadisi: ina ukubwa gani, umbo gani, ni ya moto au ya baridi, na aiache ije na iende kama hali ya hewa inavyobadilika huku anga likibaki pale pale. Kwa anayeuguza mgonjwa wa muda mrefu ni hazina. Kwa aliyepewa taarifa ya kifo asubuhi ya leo, hapana. Huyo apewe mtu wa kukaa naye, maji ya kunywa, na maelezo ya wazi kuhusu mazishi: nani anaruhusiwa kuwepo, atasimama wapi, ibada itafanywaje, kama ataweza kuuona mwili kwa mbali. Mazishi salama, yale ya kuzuia maambukizi, yakifanywa bila ndugu kuona chochote, baadhi yao huendelea kusubiri kwa miezi, na mwongozo huu hauna ukurasa wa hilo. Hauna vilevile maneno ya kumwambia jirani anayekataa kupokea pesa kutoka mkononi mwako, na unyanyapaa huo ndio unaodumu baada ya ugonjwa kwisha.

Muda nao upime kwa ugonjwa. Kwenye kipindupindu, ambacho mgonjwa anayepewa maji ya kutosha mara nyingi hupona ndani ya siku chache, toa sehemu ya kwanza tu. Kwenye ufuatiliaji wa siku 21, sehemu moja kwa wiki, tatu za mwanzo. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, kwa hiyo hapo zote tano zina nafasi, na tungependekeza kurudia ya pili mwezi wa tatu, pale msaada wa ndugu na marafiki unapokuwa umepungua na dawa bado zipo mezani.

Kama tatizo kubwa la familia ni la vitendo (kazi imesimama, kodi ya nyumba, nani atakaa na watoto), mwongozo huu si chaguo la kwanza. WHO ina chombo kingine, Problem Management Plus, cha vikao vitano vya mtu mmoja mmoja vya dakika 90, chenye hatua za kuligawa tatizo na kulitafutia njia. Kinahitaji msaidizi aliyefunzwa, na hiyo ndiyo bei yake.

Tena, mwongozo huu si chombo cha kutibu sonona kali. Ukitaka kipimo cha haraka, tumia PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 mpeleke kwa mhudumu wa afya ya akili. Swali la tisa linahusu kujidhuru. Jibu lolote lililo juu ya sifuri lizungumzwe siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni 4. Uliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapumua.

Kwa matumizi, usichapishe kitabu kizima. Chapisha kurasa za muhtasari wa mbinu mbili za kwanza, karatasi mbili zinatosha, na faili za sauti zihamishie kwenye simu ya msemaji wa familia kabla hajaondoka penye intaneti. Zisipokuwepo kwa lugha yake, mwombe mtu mwenye sauti tulivu azisome na kuzirekodi: dakika tatu hadi tano kila moja, na kimya cha sekunde tano baada ya kila agizo. Wasomaji wengi hukimbia hapo. Wahesabu vidole vya mkono mmoja, kimoja kimoja, ndipo waende sentensi inayofuata.