TAHADHARI: "Begonia ya bluu" inayouzwa mtandaoni hapa Dar

Wapenzi wa maua ya ndani, nimeshapoteza shilingi 85,000 na sitaki mwingine apoteze. Kuna muuzaji anatangaza "begonia ya bluu kutoka Malaysia, imeshashika mizizi". Anataka hela yote kwa simu kwanza, ndipo bodaboda alete mzigo. Ukiomba kwenda kuchagua mwenyewe, anasema kitalu kiko Kigamboni na mwenye funguo amesafiri.

Nililetewa Sinza saa mbili usiku: kikombe cha plastiki, udongo mweusi, jani moja la bluu tupu. Siku ya nne likalegea. Nikampigia, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, umezidisha maji." Nikaamini. Nikapunguza maji, nikalifunika kwa mfuko, nikalala na wasiwasi kama nina mgonjwa ndani. Likaoza. Nilipolivuta likatoka bila kushika popote: kikonyo kimekatwa kwa kisu, hakuna hata uzi mmoja wa mzizi. Nikalifuta kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikawa cha bluu.

Ujanja wake uko hapo. Begonia adimu hufa upesi mikononi mwa wengi wetu, kwa hiyo kila aliyetapeliwa anajilaumu na kunyamaza. Isitoshe, ni kweli kwamba jani la begonia likipandwa penye unyevu linaweza kutoa mizizi, na ndivyo alivyojitetea nilipombana. Lakini mimi nililipia mche wenye mizizi. Na jani la begonia ya kawaida lililopakwa rangi, hata lingeota, lingeota kijani.

Begonia ya bluu ipo kweli. Inaitwa Begonia pavonina, ya misitu ya Malaysia. Bluu yake haifutiki, kwa sababu si rangi iliyo juu ya jani; inatokana na namna tabaka zilivyopangwa ndani ya kloroplasti zake (vile vijichembe vya kijani vya jani), zikarudisha mwanga wa bluu. Watafiti wa Uingereza walilieleza jambo hili mwaka 2016. Ndiyo maana ukiligeuza jani, bluu inakuja na kupotea, unaona kijani. Tena ni mmea wa kivuli kizito, na kwenye mwanga mkali bluu hufifia. Huyu bwana aliniambia niuweke juani "ili ubaki bluu". Ningelijua hilo mapema, nisingetuma hata senti.

Jirani yangu yeye aliuziwa mbegu, kubwa kama za pilipili. Mbegu za begonia ni laini kama vumbi. Ukipiga chafya zimekwenda.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kuona. Mwambie akutumie video akiligeuza jani taratibu mbele ya dirisha. Mzigo ukifika, uvute mche kidogo bodaboda akiwa bado amesimama hapo. Wenye mizizi utakataa kutoka. Na anayesema ameagiza kutoka nje aonyeshe cheti cha afya ya mimea, maana mimea haiingii nchini kiholela. Ujumbe wake usiufute. Mimi namba yake nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Tangu juzi amebadilisha jina la akaunti. Picha ni zilezile, hasa ile ya chungu cheupe chenye ufa pembeni, juu ya meza ya mbao. Mkiiona, ni yeye.