Ndege za pangaboi za hapa nyumbani: Q400 au ATR 72?

Jamani kama unaenda Mwanza au Bukoba kutoka Dar, mimi kura yangu naipa Q400 ya Air Tanzania, ile inakimbia mpaka kama kilomita 660 kwa saa wakati ATR 72 ya Precision Air inaishia 500 na kidogo, safari ndefu utaona tofauti. Ila kukimbia huko kunakula mafuta balaa, injini zake zina nguvu karibu mara mbili ya za ATR, ndo maana mashirika mengi yanayobana matumizi duniani yanachukua ATR. Na Dar–Zanzibar hiyo spidi ya nini, hujafungua hata maji ya chupa mnaanza kushuka!

Kelele sasa. Zote siti mbili mbili, bawa liko juu, dirisha halizibwi, lakini usikae usawa wa mapanga, utatetemeshwa meno. Kaa nyuma. Kwenye ATR abiria wanapandia mlango wa nyuma, mbele ni mizigo, so ukikaa nyuma unashuka wa kwanza pia. Miguu mirefu? Hapo inategemea shirika limepanga siti vipi, sio ndege.