Biblia ya maandishi makubwa, na mkoba wake wa zipu

Nianze na ubaya. Zipu ya mkoba haikumaliza wiki tatu. Ilianza kung'ata uzi, halafu meno yakaachana kabisa, na fundi viatu wa Uyole akanitoza 4,000 kuweka nyingine. Karatasi nazo nyepesi, maneno ya ukurasa wa nyuma yanajitokeza. Kamba ya alama ni moja tu. Kwa 35,000 wangeweka hata mbili.

Kiharusi kilimwangusha mume wangu Oktoba. Upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki. Mimi nauza viazi, rumbesa naijua kuliko zaburi, ila nilikuwa mtu wa kuomba. Kufika Juni, baridi ya Mbeya ile ya makoti mawili, napiga magoti na hakuna kitu. Ni kama kumpigia mnunuzi wa Dar akishachukua mzigo: inaita tu. Kwenye jumuiya wakaniambia Mungu hachelewi wala hawahi. Mmoja akaniambia nijichunguze, huenda kuna dhambi. Nikaacha kwenda.

Duka liko karibu na Sokomatola, dogo, linauza na madaftari. Nilimwamkia mzee, nikamwambia nataka herufi za kusomeka umeme ukikatika. Akanitolea ya tafsiri ya Union, ile ya 1952, akauliza ni ya nani. Nikajikuta nimemwaga yote pale kaunta. Hakunihubiria, na kwa hilo nampa nyota zote. Alifungua Zaburi ya 88, akaweka kidole mstari wa mwisho.

"Soma hapo, mwanangu."

Zaburi za kulalamika nyingi zinageuka mwishoni, mtu anaanza kusifu. Hii haigeuki. Neno lake la mwisho ni "gizani", basi.

"Na wala hawakuitoa," akasema, akarudi kutafuta chenji yangu.

Tangu siku hiyo nasoma vile nilivyokuwa naruka. Esta, sura zote 10, jina la Mungu halimo, na watu wake wanaokoka. Ayubu analia kuanzia sura ya 3, rafiki zake wanampa majibu yaleyale ya jumuiya yangu, Mungu anakuja kusema sura ya 38. Tena wanaokemewa mwishoni ni hao rafiki! Nilicheka peke yangu jikoni, mboga ikaungua.

Herufi sina la kulaumu. Nasoma bila miwani kwa taa ya sola, kando ya kitanda, kwa sauti. Anachofanya Mungu bado sikioni, ila naongea naye tena, kwa hasira ambayo wenzangu walishaiandika. Nikifika "gizani", mume wangu ananyanyua kidole cha mkono wa kushoto: rudia.

Nyota nne kati ya tano. Bila mkoba ni 28,000. Chukueni hiyo, mkashone mfuko wa kitenge.