Darasa la Pumzi kwa Wapiga Oboe, Mji Mkongwe

Kwa anayejifunza oboe, ala ya muziki ya kupuliza, hapa Unguja, darasa dogo la alasiri linalosomeshwa ghorofani huko Shangani linastahili kuzungumzwa kwa kirefu, hasa kwa jinsi linavyoshughulikia pumzi. Mwalimu wake alianzia kwenye zumari ndipo akahamia oboe, na asili hiyo inaonekana katika usomeshaji wake.

Wengi huja wakiamini kuwa wanaishiwa na hewa, na kumbe ni kinyume chake. Upenyo uliopo baina ya vipande viwili vya tete, yaani kidomo cha ala kinachotetema kinapopulizwa, ni mwembamba mno, hivyo hewa hupita kidogo kwa msukumo mkubwa, na mpigaji humaliza kifungu cha muziki mapafu yakiwa bado yamejaa hewa iliyokwisha kutumika, yenye kaboni dayoksaidi nyingi. Hapo ndipo kichwa huzunguka na shingo hukaza. “Toa kwanza, mwanangu, ndipo uvute,” mwalimu hurudia, na kwenye karatasi ya nota hutia kwa penseli alama mbili tofauti, moja ya kutoa na nyingine ya kuvuta, kwani mara nyingi nafasi iliyopo hutosha kwa moja tu. Mahali pengine niliposoma niliambiwa nijaze kifua, basi.

Lililonivutia zaidi ni zoezi la nota ndefu. Nota huanzishwa kwa sauti ya chini kabisa, hukuzwa, kisha hupunguzwa hadi ipotee, na mbavu za chini zinatakiwa zibaki zimetanuka huku misuli ya tumbo ikiendelea kusukuma. Msukumo ukilegea sauti inapofifia, nota hushuka, na anayeanza hukimbilia kuuma tete ili aipandishe, ikatoka sauti nyembamba iliyobanwa. Mwalimu humsimamisha papo hapo, akamtaka alegeze midomo na asiuachie msukumo.

Mpiga zumari huingiza tete lote kinywani, na mashavu yake husukuma hewa huku pua ikivuta nyingine, ili sauti isikatike ngoma inapochanganya. Mwalimu huonyesha ufundi huo kwa ustadi mkubwa, lakini hawasomeshi wanaoanza oboe. Naafikiana naye kabisa, kwa sababu kwenye oboe midomo ndiyo inayolishika tete, na mashavu yakivimba kabla ya wakati wake mshiko huo huharibika.

Kasoro ninayoiona ni matete yanayouzwa hapo. Ni ya aina moja, magumu, na humlazimisha mwanafunzi mchanga kupuliza kwa nguvu zisizohitajika, jambo linalobomoa yale yale anayofundishwa. Anayetaka kujiandikisha aje na tete lake laini, alirowanishe kwa maji kabla ya kupanda ngazi, na asile chakula kizito mchana huo. Darasa hufungwa mwezi mzima wa Ramadhani, na nafasi hupokewa tena baada ya Idi.